Waya wa Umeme Ulioshuka Nyumbani: Namna ya Kujilinda na Mahali pa Kutoa Taarifa

Waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo ya barabarani na kuingia ukutani mwa nyumba ni kitu ambacho mwananchi hukizoea haraka. Siku ya kuunganishiwa umeme kila mtu huutazama. Baada ya hapo huwa sehemu ya uani kama tawi la mwembe. Ndiyo maana waya huo unaposhuka kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, wenye nyumba huwa wa mwisho kuutambua. Mgeni ndiye anayeinama anapopita chini yake, naye mwenyeji humwambia apite tu, kwamba hauna neno.

Una neno. Makala haya yanawalenga zaidi wakaazi wa Kata ya Kashaulili, ambako viwanja vimebanana, vyumba vya wapangaji vimejengwa nyuma ya nyumba kubwa, na waya wa jirani mmoja mara nyingi hupita juu ya uwanja wa jirani mwingine. Mahali pa namna hiyo waya mmoja ulioshuka huwa ni shughuli ya nyumba tatu au nne, wala si ya yule tu ambaye jina lake limo kwenye mita.

Tuanze na suala la umiliki, kwa kuwa ndilo linalochelewesha hatua. Nguzo, transfoma na waya wote hadi kufikia mita ya LUKU ni mali ya Shirika la Umeme Tanzania, yaani TANESCO. Kuanzia mita kuingia ndani, mali na wajibu ni vya mteja. Halmashauri haimiliki waya wowote kati ya hizo sehemu mbili, wala haina mafundi wa kupanda nguzo. Kazi ya Halmashauri katika jambo hili ni kusimamia vibali vya ujenzi na kuhakikisha kwamba taarifa za wananchi zinazopitia ofisi za mitaa na kata zinafika kwa wahusika. Upo, hata hivyo, waya wa tatu ambao husahaulika: ule ambao mwenye nyumba ameuvuta mwenyewe kutoka nyumba kubwa kwenda vyumba vya uani, jikoni au kwenye banda la biashara. Huo umetoka baada ya mita, kwa hiyo ni wa mwenye nyumba. Ukishuka, TANESCO hawatakuja kuuinua. Anayetakiwa ni fundi mwenye leseni ya EWURA, na swichi kuu lazima izimwe kwanza. Waya hizi za uani ndizo mara nyingi zenye hali mbaya zaidi, maana wengi hutumia waya uliokusudiwa kufungwa ndani ya ukuta, wakautundika juani na mvuani, na ngozi yake ikapasuka ndani ya miaka michache.

Kwa nini waya hushuka

Hakuna waya wa juu uliovutwa ukanyooka kabisa. Mafundi huuachia ulegevu kwa makusudi, kwa kuwa chuma na alumini hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Waya uliokazwa sana mchana wa jua kali unaweza kukatika au kuvuta nguzo usiku wa baridi. Lakini ulegevu huo una hesabu yake ya kushangaza. Chukua waya wa alumini ulionyooshwa kati ya nguzo mbili zilizoachana mita 50, ukiwa umening'inia sentimeta 50 katikati. Joto la waya likiongezeka kwa nyuzi 20, urefu wake huongezeka kwa sentimeta mbili na kidogo tu. Hata hivyo, katikati pale waya hushuka kwa takriban sentimeta 30 zaidi. Badiliko dogo la urefu huzaa mshuko mkubwa. Kanuni hiyohiyo hufanya kazi nguzo inapoegama: kichwa cha nguzo kikisogea kwa upana wa kiganja, waya hushuka kwa kimo kinachoonekana na mtu aliye upande wa pili wa barabara.

Kwa sababu hiyo, mshuko unaoongezeka mchana na kupungua usiku si lazima uwe hitilafu. Mshuko unaoongezeka mwezi hadi mwezi ndio wa kushughulikiwa, na chanzo chake mara nyingi kipo chini, si juu. Nguzo zetu nyingi ni za miti. Hutiwa dawa kabla ya kusimikwa, lakini mchwa wa Katavi hawajawahi kukosa subira, na dawa hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita. Wapo pia wanaochoma takataka au majani makavu karibu na shina la nguzo, na wanaochimba udongo wa matofali jirani nayo. Waya mnene wa chuma unaoishikilia nguzo kutoka ardhini nao hulegezwa na watu wanaoufungia mbuzi au kamba ya nguo. Aidha, lori lililojaza magunia ya mpunga au mahindi kupita kimo linapoukwaruza waya, huweza kuondoka bila dereva kujua, huku kishikizo cha ukutani kikiwa kimeng'oka nusu.

Lipo jambo jingine ambalo wenye nyumba hawapendi kuambiwa. Mara nyingine waya haukushuka. Nyumba ndiyo iliyopanda. Kifusi kimemwagwa uani ili maji ya mvua yasituame, baraza imeinuliwa ngazi mbili, paa la zamani limebadilishwa kuwa la mgongo mrefu, au juu ya banda pamewekwa tangi la maji. Waya umebaki ulipokuwa mwaka ule ulipofungwa, lakini mtoto aliyepanda juu ya tangi sasa anaweza kuushika. Anayeomba kibali cha ujenzi anapaswa kuonesha njia ya umeme inayopita juu ya kiwanja chake, na kama nguzo au waya lazima uhamishwe, maombi yapelekwe TANESCO kabla ya msingi kuchimbwa, si baada ya bati kupigwa.

Mambo manne yanayoaminiwa na yasiyo kweli

La kwanza: kwamba waya wenye ngozi nyeusi hauna madhara. Waya mwingi wa kuingiza umeme nyumbani hufunikwa kwa plastiki, na hilo ni jema. Lakini plastiki hiyo huliwa na jua, hukwaruzwa na matawi na bati, na hupasuka mahali hasa ambapo waya umekunjika au kuvutwa, yaani palepale uliposhuka. Nyaya zinazopita juu zaidi ya nguzo, zikiwa zimekaa juu ya vikombe, aghalabu hazina ngozi kabisa. Hizo hubeba kilovolti 11 au 33, yaani volti 11,000 au 33,000, ilhali nyumbani tunatumia volti 230. Kwa umeme wa ukubwa huo si lazima uguse. Kulisogeza karibu bati, bomba la dishi au mti mrefu wa kuangulia maembe kwaweza kutosha umeme uruke.

La pili: kwamba uniti za LUKU zikiisha, waya umelala. Mita hukata umeme unaoingia ndani. Waya ulio nje, kabla ya mita, hubaki na umeme wake kamili hata kama rimoti inaonesha sifuri na nyumba nzima imo gizani. Hali kadhalika, kuzima swichi kuu ya ndani hakuugusi waya huo.

La tatu: kwamba umeme ukikatika mtaa mzima ni nafasi ya kupanda na kuurekebisha waya. Wakaazi wa siku nyingi wanaikumbuka Mpanda ya jenereta za dizeli, ambapo kukatika kwa umeme kulikuwa jambo la kawaida na watu walijifunza kufanya shughuli katika saa hizo. Sasa njia kuu ya kilovolti 132 imejengwa kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi mjini kwetu, na mazoea ya zamani yanapaswa kuachwa. Umeme hurudi bila kupiga hodi. Mitambo mingine ya kulinda njia hujirudisha yenyewe baada ya sekunde chache ili kupima kama hitilafu imeondoka. Zaidi ya hayo, jirani aliyewasha jenereta yake bila swichi ya kutenganisha anaweza kuurudisha umeme nyuma kwenye waya uleule unaodhaniwa kuwa umelala.

La nne, na hili limewapoteza wengi: kwamba waya uliofika chini hujizima. Fyuzi hukatika pale umeme mwingi unapopita kwa mkupuo. Waya ukiangukia ardhi kavu ya kichanga, kama ilivyo ardhi yetu kuanzia Juni hadi Oktoba, umeme unaopita ardhini huweza kuwa mdogo mno kiasi kwamba fyuzi haihisi kitu. Waya utalala pale kimya, bila cheche wala mlio, huku ukiwa na nguvu yake yote.

Na mwili wa binadamu hauhitaji nguvu yote. Taa ya zamani ya wati 60 hutumia takriban miliampia 260. Miliampia 30 zinazopita kifuani zinaweza kukaza misuli ya kupumua; miliampia 100 zinaweza kuuvuruga mpigo wa moyo hadi usimame. Umeme usiotosha kuwasha taa moja vizuri unatosha kuua mtu.

Maji huongeza hatari hiyo kuliko kitu kingine chochote. Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi Kibala nje kidogo ya Kinshasa, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waya wa msongo mkubwa ulikatika na kuangukia sokoni, kwenye mtaro uliojaa maji ya mvua. Watu 26 walifariki, wengi wao wakiwa wanawake waliokuwa sokoni kuuza na kununua. Wanaopanga bidhaa chini kando ya mitaro, chini ya nyaya, wapo pia katika masoko yetu na kando ya barabara zetu.

Waya ukiwa umeshuka lakini haujaanguka

Hatua ya kwanza ni kuondoa watu na shughuli chini yake. Ondoa kamba ya kuanikia nguo, hasa kama ni ya waya. Hamisha jiko, benchi na sehemu ya watoto kuchezea. Weka alama kwa mawe au vijiti pande zote mbili za mahali waya unapopita, kisha waambie wapangaji wote pamoja na majirani, kwa kuwa mpangaji aliyehamia juzi hajui historia ya uani huo. Kama waya unakatiza njia ya magari, mtu mzima asimame kwa mbali pande zote mbili kuwaonya madereva, hususan wa malori na wa bajaji zilizobeba mizigo juu.

Usiupime kwa futi, ngazi wala fimbo. Kadiria kwa macho ukiwa mbali: mlango wa kawaida una kimo cha takriban mita 2, kwa hiyo linganisha waya na mlango au ukingo wa paa. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka upande mwingine wa uwanja ni ushahidi mzuri, na ukiipiga tena baada ya wiki mbili kutoka palepale, saa ileile, utajua kama waya unaendelea kushuka.

Usiuinue kwa mti wenye panda. Huu ndio ufumbuzi unaoonekana mara nyingi mitaani: gogo lenye panda husimamishwa uani, waya ukapumzishwa juu yake, na maisha yakaendelea. Mti mbichi hupitisha umeme, na hata mkavu hupitisha ukilowa. Panda hukwaruza ngozi ya waya kila upepo unapovuma, na uzito unaobadilishwa huongeza mvuto kwenye kishikizo cha ukutani. Wala usiufunge waya kwenye mwembe. Kuhusu miti kwa jumla, tawi lililogusa waya si la kukatwa na mwenye nyumba. Panga halina macho ya kuona tawi litakapoangukia, na msimu wa maembe hukutana na mvua za kwanza, matawi yakiwa mazito na yenye maji. TANESCO wana wajibu wa kusafisha njia zao; watakata wenyewe au watazima njia kwanza ndipo wewe ukate.

Ndani ya nyumba, angalia taa. Zikiwa zinafifia na kung'aa kupita kiasi kwa zamu, au nyumba moja inapata umeme hafifu huku ya jirani balbu zikiungua, huenda kiungo cha waya wa nyutro kimelegea kutokana na mvuto. Hali hiyo inaweza kupandisha umeme wa nyumbani juu sana ya volti 230 na kuunguza friji, televisheni na chaja kwa dakika moja. Zima swichi kuu na uchomoe vifaa. Hilo litaokoa mali zako, ila kama ilivyoelezwa, waya wa nje utabaki hai.

Waya ukiwa umefika chini

Kaa mbali kwa mita 10 au zaidi, na zaidi ya hapo kama ardhi imelowa au kama waya ni ule wa juu ya nguzo. Umeme unapoingia ardhini husambaa kutoka palipo na waya na kupungua nguvu kadiri unavyokwenda mbali. Mtu anayepiga hatua ndefu huwa na mguu mmoja mahali penye umeme mkubwa na mwingine mahali penye umeme mdogo, na tofauti hiyo hupita mwilini mwake, mguu kwa mguu. Ng'ombe hufa kwa njia hii kirahisi kwa kuwa miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana sana. Ukijikuta tayari uko karibu, usikimbie. Bana miguu pamoja na usogee kwa kuburuza nyayo, kisigino cha mguu mmoja kisipite kidole cha mwingine, hadi utakapofika mbali.

Waya ukiangukia gari, walio ndani wabaki ndani na wasiguse vyuma mpaka TANESCO wazime njia. Gari likishika moto, kila mmoja aruke nje miguu ikiwa imebanwa pamoja, bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa kuburuza nyayo. Waya ukigusa uzio wa chuma au paa la bati, uzio wote na paa lote vihesabiwe kuwa ni waya.

Jambo gumu zaidi ni mtu akiwa amenaswa. Moyo wa kila mzazi utamtuma kumvuta, na ndivyo msiba mmoja unavyogeuka kuwa miwili. Kama amenaswa na kifaa cha ndani, zima swichi kuu kwanza. Kama ni waya wa nje, hakuna swichi unayoweza kuifikia, nawe hujui ni volti ngapi. Fimbo ya mti haiaminiki. Piga simu, zuia wengine wasisogee, na usubiri njia izimwe. Mara tu itakapothibitishwa kuwa umeme umezimwa na majeruhi hapumui, mlaze chali na ubonyeze katikati ya kifua kwa mikono miwili, kina cha sentimeta 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Aliyepigwa na umeme akainuka na kusema yu mzima apelekwe hospitali vilevile, kwa kuwa majeraha ya ndani na hitilafu ya mpigo wa moyo havionekani kwa macho.

Kutoa taarifa

Namba ya TANESCO ya huduma kwa wateja ni 180, na haitozwi. Kukiwa na moto au mtu wa kuokolewa, piga pia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Taarifa nzuri hutaja mambo yafuatayo bila kuzunguka: mtaa na alama inayojulikana iliyo karibu; kama waya umeshuka, umekatika au unatoa cheche; kama unatoka nguzo kwenda nyumbani au ni ule wa juu; na kama upo juu ya barabara, shule au maji. Namba ya mita ya LUKU ya nyumba iliyo jirani, yenye tarakimu 11, humsaidia mpokeaji kujua eneo. Nguzo ikiwa na namba au maandishi, yasome ukiwa mbali. Omba namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, uiandike pamoja na saa uliyopiga.

Inafaa kusema wazi kwamba waya uliokatika hushughulikiwa kabla ya waya ulioshuka, na hivyo ndivyo inavyopasa. Kwa hiyo mwenye waya ulioshuka asitosheke na simu moja. Afike ofisi ya TANESCO akiwa na picha na namba yake ya kumbukumbu, na amjulishe mwenyekiti wa mtaa au mtendaji ili jambo liingie kwenye kumbukumbu za mtaa. Nyumba tatu zikiandika barua moja ya pamoja, uzito wake ni tofauti na malalamiko ya mtu mmoja. Asiyeridhika na majibu ya shirika baada ya kulalamika kwa maandishi anaweza kupeleka lalamiko lake EWURA, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, lipo kumsaidia mtumiaji kufuata hatua hizo.

Vishoka nao hawakosekani panapokuwa na subira ndefu. Huja na ngazi, koleo na maneno matamu, wakidai kuwa wametumwa au kwamba wana rafiki ofisini. Mfanyakazi halali ana kitambulisho na hakasiriki akiombwa kukionesha, na unaweza kupiga 180 akiwa amesimama hapohapo kuhakikisha kuwa anatambuliwa. Fedha haitolewi mkononi. Malipo yoyote halali, kwa mfano ya kuhamisha nguzo kwa ombi la mteja, huwa na namba ya malipo ya serikali, nayo hulipwa benki au kwa simu. Kishoka akiufunga waya vibaya na nyumba ikaungua, mwenye nyumba ndiye atakayeulizwa aliyempandisha mtu huyo kwenye nguzo ya shirika ni nani.

Mafundi wa shirika wakishamaliza kazi, kabla hawajaondoka waombe waangalie kishikizo cha ukutani na shina la nguzo, si waya pekee, kwa maana waya uliokazwa kwenye nguzo iliyoliwa na mchwa utarudi chini kabla ya mvua zinazofuata.